Aliyesimulia Yuko Wapi? Uhakiki wa Maandishi ya Utafiti juu ya Nchi ya Wazigua na Wasambaa

Makuyuni ya Korogwe, ambayo tusiichanganye na ile ya Monduli iliyo katika njia ya kwendea Ngorongoro, imekaa chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya tambarare inayoelekea upande wa Handeni. Jina lake halihitaji mfasiri: ni mahali pa makuyu. Mtu akisimama hapo akageuka huku na huku anazungukwa na nchi iliyoandikwa sana. Upande wa mashariki, milimani, iko Amani, ambako Wajerumani walifungua chuo cha kuchunguza mimea na kilimo mwaka 1902. Muheza iko Mlingano, penye kazi ya kuchunguza mkonge tangu miaka ya 1930. Korogwe mjini kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Juu kabisa ni Vuga, mji wa watawala wa Kikilindi, ambako Krapf alifika mwaka 1848 na kurudi tena mwaka 1852, akaandika aliyoyaona. Baada yake akaja Oscar Baumann, ambaye kitabu chake juu ya Usambara na nchi jirani kilitoka mwaka 1891. Handeni nako wamepita wanahistoria, wanasosholojia, wataalamu wa mifugo na wa lugha, kila mmoja na daftari lake.

Sasa natuingie katika shule ya sekondari iliyo mahali kama hapo, tulifungue kabati la vitabu. Tutakuta nini katika hayo yote yaliyoandikwa? Kwa kawaida tutakuta kidogo sana, na pengine tusikute kitu. Mwanafunzi wa Makuyuni anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa anajua jina la mto mkubwa wa Ujerumani na asijue kwamba ugonjwa wa muhogo ulio katika shamba la bibi yake ulielezwa kwa mara ya kwanza katika ulimwengu wa sayansi na mtu aliyekaa Amani.

Katika makala hii tunakusudia kuyahakiki maandishi hayo ya utafiti kama tunavyohakiki riwaya au tenzi. Tumezoea kuiuliza riwaya: nani anasema humu, anasema na nani, na yule anayesemwa amepewa nafasi gani? Lakini taarifa ya mtaalamu tunaipokea kama amri ya serikali. Tunatazama tu kama hesabu zake ni sawa. Sisi tunaona kwamba utafiti nao ni utungaji. Una msimulizi, una wahusika, una hadhira. Na kipimo kimoja ambacho twapenda kukitumia hapa ni hiki: je, yule aliyeyatoa maarifa anaweza kuisoma kazi iliyotokana nayo, akajitambua ndani yake, na akabishana nayo akiona amekosewa?

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Neno utafiti limekuja kushika nafasi yake polepole; zamani kidogo neno lililotumika sana lilikuwa uchunguzi, na chombo kikuu cha lugha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi kilipounganishwa na idara ya Kiswahili mwaka 2009 na kupata jina jipya. Kuchunguza ni kutazama kwa makini, na mtu huweza kuchunguza akiwa mbali, hata akiwa amejificha. Ndiyo maana vijijini mtu mwenye daftari na maswali mengi hudhaniwa mara nyingi kuwa mpelelezi au mtu wa kodi. Dhana hiyo si ujinga. Kwa muda mrefu waliokuja kuuliza idadi ya ng'ombe na ukubwa wa mashamba walikuja kwa ajili hiyo hasa.

Kazi ya kwanza tunayotaka kuitazama, na ambayo tutakaa nayo zaidi, ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Ilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha J.W.T. Allen akaihariri ikatoka tena mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata. Wengi huitaja kama hati ya kale ya historia, wakaishia hapo. Wengine huitaja kama mfano wa nathari nzuri ya Kiswahili kabla ya Shaaban Robert, nao wakaishia hapo. Ni wachache wanaoitaja kwa jina linaloistahili, yaani kazi ya utafiti, tena iliyofanywa kwa Kiswahili, juu ya nchi hii hii tunayoizungumza, na mtu aliyeishi ndani ya mambo aliyoyaandika.

Kisa chenyewe kinaanzia Nguu, katika milima ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kilindi, wilaya iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mbega alizaliwa akatangulia kuota meno ya juu. Kwa desturi mtoto wa namna hiyo ni kigego, mtu wa nuksi, wala hakutakiwa kuachwa hai. Wazazi wake wakamlea. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akafika Kilindi, akapatana na mtoto wa mtawala wa huko; kijana yule akauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbega akalazimika kukimbia. Akapitia nchi ya Uzigua, akapanda Usambara, akawa anawapa watu nyama nao wanampa vyakula vya shamba, hata watu wa Vuga wakamtaka awe mtawala wao. Usiku alioua simba ndio uliomthibitisha. Aliyekataliwa kwao kwa sababu ya meno akawa Simba Mwene wa Usambara.

Tukisoma sehemu hii ya kwanza kwa jicho la mhakiki tunaona mara moja tatizo lake. Mbega anakadiriwa kuwa aliishi katika karne ya 18. Abdallah bin Hemedi hakumwona, wala hakuwaona waliomwona. Hata hivyo anatuletea mazungumzo marefu, neno kwa neno, kana kwamba alikaa kibarazani pamoja nao. Wazee wanashauriana, vijana wanajibizana, Mbega anaaga na kuagwa. Mwanafunzi wa historia ataikata mistari hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: ushahidi uko wapi? Naye ana haki.

Lakini tusiwe wepesi. Mazungumzo hayo ndiyo yanayohifadhi jambo ambalo tarehe haziwezi kulihifadhi, nalo ni utaratibu wa watu kupatana. Mgeni anaombaje mahali pa kulala; nyama inagawanywa vipi ili isiwe rushwa; ndugu wanamnyimaje ndugu yao mali bila kuonekana wanyang'anyi; mzee anakataaje shauri bila kusema sitaki. Yote haya yanaonekana katika maneno ya watu wenyewe. Mwandishi aliyesikia masimulizi kwa miaka mingi aliona kwamba masimulizi hayo yalikuja yakiwa na sauti, naye akazinakili sauti. Pengine hakuna mtu aliyesema maneno yale hasa. Lakini ndivyo walivyokuwa wakisema, na wasikilizaji wake walikuwapo kumkosoa kama angekosea.

Sehemu za mwisho ni habari nyingine kabisa. Hapa mwandishi anasimulia mambo ya wakati wake: kufa kwa Kimweri mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, ugomvi wa watoto na wajukuu wake, Semboja wa Mazinde akinunua bunduki katika njia ya misafara, na Kiva, yaani Wabondei kuwaondoa Wakilindi katika nchi yao. Mazinde imo katika Wilaya ya Korogwe hiyo hiyo ya Makuyuni. Wanafunzi wetu huipita wakiwa ndani ya basi la Moshi. Abdallah bin Hemedi hakuwa mtazamaji wa pembeni katika mambo hayo. Alikuwa mtu wa pwani aliyeingia katika siasa za Wakilindi, mwenye upande wake na maadui zake, na kitabu hakifichi jambo hilo. Mbondei aliyeisoma habari ya Kiva angeweza kukasirika, na tunadhani walikasirika. Mtu wa Vuga aliyekuwa upande wa pili angeweza kusema: hapa umeongeza, hapa umepunguza. Watumwa waliouzwa katika vita vile, wanaume na wanawake, hawana sauti ya kutosha katika kitabu, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yale mazungumzo ya kubuni. Mwandishi anawataja kama mtu anavyotaja mizigo.

Tumesema hivyo bila kumpendelea. Hata hivyo kitabu hiki kina sifa moja ambayo vitabu vilivyo sahihi kuliko hiki vimeikosa: kiliandikwa katika lugha ambayo waliosemwa ndani yake waliweza kuisikia ikisomwa. Kosa lake lilikuwa kosa la hadharani. Lingeweza kujibiwa.

Miaka ya 1960 Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani, alikaa Usambara akajifunza Kisambaa na kuwasikiliza wazee. Kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974. Ni kazi ya heshima kubwa. Feierman hakuiamini hadithi ya Mbega kama taarifa ya polisi, wala hakuitupa kama ngano. Aliilinganisha kwa namna zake mbalimbali akaonyesha maana yake katika jamii: mtu wa porini anaingia kati ya nchi, nyama inakutana na vyakula vya shamba, hatari ya kigego inageuzwa kuwa nguvu ya kutawala. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra alikwenda mbali zaidi. Aliijenga hoja yake juu ya maneno mawili ya Kisambaa, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuitengeneza nchi na kuiharibu nchi. Kwa maneno hayo mawili alieleza siasa za mvua, za utawala na za kudai uhuru. Tunakiri kwamba hatujaona mwanachuo wa kigeni aliyelipa neno la mkulima wa kwetu uzito mkubwa kuliko huo.

Na humo humo ndimo uchungu unapoingia. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu wa udongo walikuwa wamekwisha kuchunguza. Walipima mteremko, walipima mvua, walipima kila kitu isipokuwa kazi ya mwanamke mwenye jembe na hofu ya mtu mwenye shamba dogo kwamba ardhi yake itachukuliwa. Watu walikataa, na mpango ukavunjika kabla ya uhuru. Feierman ndiye aliyeeleza kwa nini walikataa, kwa kutumia maneno yao wenyewe. Lakini alieleza kwa Kiingereza, na kitabu kikachapishwa Wisconsin. Mabwana shamba wetu waliotumwa baadaye katika miteremko ile ile hawakuwa na kitabu hicho mkononi. Hatumlaumu yeye: mwandishi huandika katika lugha inayomlisha. Twajilaumu sisi, tuliokuwa na vyombo vya kutafsiri na mitambo ya kupiga chapa, tukaviacha vitabu kama hivyo vikae nje ya nyumba.

Upande wa Handeni kazi iliyo nzito kuliko nyingine ni ile ya James Giblin, iliyotoka mwaka 1992, juu ya namna watu wa Uzigua walivyoitawala nchi yao kati ya mwaka 1840 na 1940. Shauri lake latakiwa lijulikane na kila mwanafunzi wa jiografia na wa biolojia. Anasema kwamba Handeni ya zamani haikuwa pori la mbung'o kwa asili. Watu waliiweka mbung'o mbali kwa kulima, kwa kuchoma, kwa kukaa pamoja na kwa kufuga; na ng'ombe waliokaa karibu na maambukizo madogo madogo walijenga uwezo wa kuyahimili. Wakubwa wa vijiji waliweka akiba ya nafaka, na kwa akiba hiyo watu walibaki mahali pao wakati wa ukame. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya uwezo huo, njaa za mwishoni mwa karne ya 19 na zilizofuata ziliwatawanya watu, msitu ukarudi, na pamoja na msitu ndorobo na ndigana kali. Kabla yake Helge Kjekshus alikuwa ametoa hoja inayokaribiana na hiyo kwa Tanganyika nzima, mwaka 1977, ila Giblin aliishusha katika nchi moja akaipima na kuirekebisha.

Tazama basi: katika hoja hiyo moja mna historia, mna sayansi ya mifugo, mna wadudu, mna siasa na mna uchumi. Mgawanyo wa masomo tunaoufuata darasani, kengele ikilia tunafunga biolojia na kufungua historia, haukuwamo katika kichwa cha mzee wa Kizigua aliyesimulia njaa. Kwake ng'ombe, mbung'o, mkubwa wa kijiji na ghala la mtama vilikuwa habari moja. Mwanachuo alilazimika kusoma fani nne ili afikie pale msimulizi alipoanzia.

Michaela von Freyhold naye, aliyechapisha mwaka 1979 uchambuzi wake wa vijiji vya ujamaa kwa kutumia uchunguzi uliofanywa katika Mkoa wa Tanga, ametuachia kitabu kikali na chenye faida. Hatutakaa nacho hapa, isipokuwa kusema kwamba wanakijiji katika kitabu hicho ni werevu kuliko maofisa, na kwamba maofisa waliweza kukisoma na wanakijiji hawakuweza.

Sasa tuje kwenye sayansi ya vitu, kwa sababu wapo watakaosema kwamba suala hili ni la wanahistoria tu, na kwamba mmea hauna lugha. Tutatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni muhogo, chakula ambacho nchi ya Handeni inakijua vizuri. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walikiendesha chuo cha Amani, na katika miaka ya 1930 H.H. Storey alifanya kazi humo juu ya maradhi ya muhogo. Yeye ndiye aliyeeleza, mwaka 1936, ugonjwa ambao leo tunauita michirizi ya kahawia, ule unaoacha majani yakionekana karibu mazima na kuoza kiazi chini ya ardhi. Yeye na wenzake waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni, hasa mpira wa Ceara, kisha wakaurudisha kwa muhogo wenyewe vizazi kadhaa, wakitafuta mbegu itakayostahimili batobato na michirizi. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950. Kisha vipaumbele vikabadilika, na sehemu kubwa ya mbegu zile ikapotea katika mikono ya wataalamu.

Lakini haikupotea katika mikono ya wakulima. Mbegu moja ya Amani, iliyokuwa ikitajwa kwa nambari 46106/27, ilikuwa imeshuka mashambani. Kusini mwa Tanzania ikaitwa Namikonga. Pwani ya Kenya ikaitwa Kaleso. Michirizi ilipovamia upya Afrika Mashariki baada ya mwaka 2000, wataalamu walipotafuta muhogo unaostahimili waliukuta mashambani, na vipimo vya nasaba vikaonyesha kwamba Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja, mtoto wa Amani. Nambari ilikuwa imekaa katika daftari, na mmea wenyewe ukahifadhiwa na watu walioupa jina. Watu hao hawakuambiwa kwamba wametunza hazina ya majaribio. Walitunza kwa sababu kiazi kilikuwa kizuri. Tunauliza: lau jina Kaleso na jina Namikonga yangaliandikwa mapema katika daftari moja pamoja na ile nambari, miaka mingapi ya kutafuta ingaliokolewa? Mmea hauna lugha, ni kweli. Lakini anayeupanda anayo.

Mfano wa pili ni wa homa. Kwa miaka mingi mafundisho ya afya yalisema malaria, wakalifasiri neno hilo kwa homa, wakadhani wameeleweka. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waliona kwamba akina mama walijua vizuri sana kwamba homa huletwa na mbu na hutibiwa hospitali. Kilichowaua watoto, kwa maelezo ya mama hao, hakikuwa homa; kilikuwa degedege, jambo jingine, lenye chanzo kingine, lililohitaji kwanza mganga. Kwa daktari, degedege mara nyingi ndiyo malaria iliyofika kichwani. Mabango yote ya kuhimiza watu wapeleke watoto wenye homa hospitali yalikuwa yakimkosa mtoto aliye katika hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa mtoto huyo, katika lugha ya mama yake, hakuwa na homa. Hapo ndipo sayansi ilipolazimika kukaa chini na kujifunza Kiswahili upya.

Tumelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu hutokea mtu akasema kwamba kuandika utafiti kwa Kiswahili ni ukarimu tu kwa wananchi, kama kumpa mgeni maji. Sivyo. Pale Bagamoyo lugha ilikuwa ndiyo njia ya kuufikia ukweli wenyewe. Bila neno degedege hesabu za hospitali zilikuwa sahihi na maana yake ilikuwa pungufu.

Korogwe yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Matokeo ya mwisho, yaliyotoka mwaka 2015, yalionyesha kwamba kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walipoanza na kupata dozi nne, idadi ya mara za kuugua malaria ilipungua kwa karibu asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi; na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo hiyo itumike. Hili ni jambo kubwa. Watoto wa Korogwe walinyoosha mikono yao, na dunia ikapata jibu. Mama zao walisomewa maelezo na kutia sahihi au alama ya dole gumba, na maelezo hayo yalikuwa kwa Kiswahili, kama sheria ya utafiti inavyotaka. Kwa hiyo Kiswahili kinatosha kuombea ruhusa. Kwa nini kisitoshe kuandikia matokeo? Watoto wale sasa ni vijana, wengine wamo katika madarasa yetu ya sekondari. Tungependa mwalimu wa biolojia wa Korogwe awe na kijitabu cha kurasa ishirini, kwa Kiswahili safi, kinachoeleza jaribio lile lilivyopangwa, kwa nini watoto wengine walipewa chanjo nyingine ili kulinganisha, na asilimia 36 ina maana gani kwa mama mwenye watoto watatu. Huo ungekuwa mtihani mzuri wa hesabu pia.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Litasemwa kwamba msamiati hautoshi. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyofuata mwaka 1990, jibu hilo limekuwa likichoka mwaka hadi mwaka. Litasemwa kwamba sayansi ni ya dunia nzima na lazima iandikwe katika lugha ya dunia. Tunakubali, na hatumtaki mtafiti wa Korogwe ajifungie; naandike London na Geneva, kisha aandike mara ya pili. Uandishi wa mara ya pili hauhitaji ugunduzi mwingine. Litasemwa, na hili ndilo zito, kwamba shule za sekondari zenyewe hufundisha sayansi kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985, na ushauri huo haukutekelezwa. Mwalimu anayesoma makala hii anajua zaidi yetu jinsi darasa linavyokuwa: maelezo kwa Kiswahili mdomoni, Kiingereza ubaoni, na mwanafunzi akinakili asichokisema. Hatuna dawa ya jambo hilo katika kurasa hizi. Tunasema tu kwamba kungojea sera si lazima katika kila kitu.

Mathalani, mwalimu wa Makuyuni anaweza kuanza na jina la mahali penyewe. Mikuyu iliyotoa jina hili ilikuwa wapi? Ipo bado? Nani aliikata, na kwa ajili ya nini? Wanafunzi wagawanywe, waende kwa wazee, Wazigua, Wasambaa, Wabondei na wale waliokuja kwa kazi za mkonge wakabaki. Na wasiende kwa wanaume tu, kama Abdallah bin Hemedi alivyoelekea kufanya. Waandike maneno kama yalivyosemwa, na jina la aliyesema, kwa idhini yake. Wawili wakipingana wote wawili waandikwe. Mwanafunzi wa jiografia achore ramani ya miti na mito; wa biolojia atazame kama makuyu yanayoliwa na nyani ni yale yale yanayotajwa na wazee; wa historia aulize njia za misafara zilipita upande gani, na je, Semboja anakumbukwa kwa mema au kwa mabaya. Mambo hayo yasomwe kwa sauti siku ya wazazi, mbele ya wale wale waliosimulia.

Na daftari lile lisipelekwe Dar es Salaam. Inakili ipelekwe, tena ikaribishwe. Daftari lenyewe libaki katika kabati la shule, na kurasa kadhaa tupu nyuma, kwa ajili ya mzee atakayekuja wiki ijayo kusema kwamba jambo lile halikuwa hivyo.